Vituo Sita vya Mlima Sunguvi

Hapo zamani, ingawa si zamani sana kwa kuwa baadhi ya wahusika bado wanapokea posho, kulikuwa na nchi moja iliyoendelea kwa kasi ya kushangaza. Katika nchi hiyo, kitu kilihesabiwa kuwa kipo tangu siku jiwe lake la msingi lilipowekwa. Mgeni angeweza kuuliza habari za kuta, paa na choo, lakini wataalamu wa mipango walikwisha kulieleza jambo hilo vizuri: kuta ni utekelezaji, na utekelezaji ni suala la baadaye. Jiwe ndilo jengo. Kwa hesabu hiyo nchi ilikuwa na hospitali za kutosha na kubaki, na kila asubuhi wagonjwa waliandikiwa rufaa kwenda huko. Waliofika wakakuta jiwe na nyasi walirudi nyumbani, na kila aliyerudi nyumbani aliandikwa kuwa amepona.

Sheria kuhusu mawe zilikuwa chache na za haki. Waziri hakuruhusiwa kujenga juu ya jiwe lenye jina la waziri aliyemtangulia, maana angekuwa anamjengea mwenzake sifa. Wala hakuna mtu aliyeruhusiwa kuliondoa jiwe lililokwisha kuwekwa, kwa sababu juu ya jina la waziri palichongwa jina la Mkuu wa Nchi, na kumwondoa Mkuu wa Nchi, hata kwa toroli, lilikuwa kosa la uhaini. Kwa hiyo kila waziri mpya alifanya lile moja lililobaki. Alileta jiwe lake akaliweka kando ya yale mengine.

Mlima Sunguvi ulikuwa mrefu kuliko milima yote ya nchi hiyo, na karibu na kilele chake palikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi tambarare. Miaka kadhaa nyuma, wanafunzi wa chuo walikwama hapo kwenye ukungu wakafa kwa baridi. Serikali ilihuzunika sana, ikaahidi Kituo cha Uokoaji. Ahadi hiyo ilitimizwa haraka, na baada ya hapo ikatimizwa tena kila baraza la mawaziri lilipobadilishwa. Ilikwisha kutimizwa mara tano.

*

Kapteni Nsiande Mghanga, rubani wa helikopta ya Serikali, hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa uzito. Kila asubuhi aliuliza maswali yale yale: watu wangapi, mizigo gani, mafuta kiasi gani, tunapanda hadi wapi. Akishajibiwa alipiga hesabu, na hesabu ikikataa, naye alikataa. Tabia hiyo ilikuwa imemchelewesha kupandishwa cheo.

Asubuhi ya safari ya Sunguvi alikuta jiwe kwenye mlango wa helikopta. Lilikuwa la marumaru nyeusi, limefunikwa kitambaa chenye rangi za taifa, na lilikuwa na uzito wa wanaume wawili wanene. Mawe ya msingi ya nchi hiyo yalikuwa yakinenepa kila awamu.

"Hili haliendi," alisema.

Bi. Rozalia Tindwa, Mkuu wa Itifaki wa Wizara ya Uokoaji na Utulivu, alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye harusi. "Kapteni, jiwe ndilo safari yenyewe. Sisi wengine tunalisindikiza."

"Kule juu hewa ni nyepesi, Bi. Tindwa. Kwa mzigo huu mashine itafika, lakini haitakuwa na nguvu ya kubadili mawazo."

"Mashine inabadili mawazo?"

"Rubani ndiye anayebadili. Akiona pa kutua ni pabaya, anainuka tena anaondoka. Kwa mzigo huu hatainuka."

"Basi asibadili mawazo," alisema Bi. Tindwa, na kwa jinsi alivyoona, tatizo lilikuwa limekwisha.

Mheshimiwa Kanali Mstaafu Eliuter Makundenge, Waziri mwenyewe, alishuka garini wakati huo huo. Alikuwa na miezi miwili wizarani na hotuba yenye kurasa nyingi. Alielezwa kinachoendelea, akamkaribia rubani kwa upole wa mtu mwenye walinzi.

"Binti yangu, jiwe hili lina jina la Mkuu wa Nchi. Unaniambia kwamba Mkuu wa Nchi ni mzigo?"

Fundi Mbwilo, aliyekuwa akikagua mkia wa helikopta, alikohoa kwa nguvu. Alikuwa fundi wa Nsiande kwa miaka mingi, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na kikohozi chake kilikuwa na maana moja tu: usijibu.

"Marumaru ndiyo mzigo, Mheshimiwa," alijibu Nsiande.

Simu yake ililia. Alikuwa kamanda wake. "Nsiande, kuna rubani mwingine mwenye leseni ya mashine hiyo. Ana watoto wanne na hana maswali. Nimwite?"

Nsiande alimfahamu rubani huyo. Aliifahamu pia mikono yake ilivyotetemeka kwenye upepo. Kama jiwe lilikuwa lazima liende, afadhali liende na mtu anayejua kwamba halipaswi kwenda. Ndivyo alivyojiambia, na baadaye alipata muda mrefu wa kuipima sababu hiyo.

"Basi tupunguze vingine," alisema. "Kila kisicho cha lazima."

Hapo itifaki ilionyesha uwezo wake. Bi. Tindwa alishusha machela. Akashusha mablanketi, sanduku la huduma ya kwanza, kamba na hema la dharura.

"Hivyo ni vya lazima!" Nsiande alipaza sauti.

"Kapteni, tunakwenda Kituo cha Uokoaji. Mtu anabebaje machela kwenda kwenye kituo cha uokoaji? Si sawa na kubeba maji kwenda mtoni?"

"Bi. Tindwa, wewe umewahi kukiona hicho kituo?"

"Kimo kwenye taarifa tano za mwaka."

Hesabu ilikuwa bado inakataa, kwa hiyo daktari wa msafara naye alishushwa, na mfuko wake. Hakubisha. Mara ya mwisho Nsiande kumwona, alikuwa amesimama uwanjani kando ya machela, akipunga mkono kwa furaha ambayo haikumpendeza rubani hata kidogo.

*

Waliupanda mlima vizuri. Mheshimiwa alisoma hotuba yake kwa sauti ili kupima pumzi. Ukungu ulikuwa haujafika, na chini ya kilele Nsiande aliliona bega la mlima, mgongo mpana wenye changarawe, ambapo helikopta ingeweza kutua hata ikiwa na jiwe.

"Nitawashusha pale," alisema kupitia kipaza sauti cha kichwani. "Mtapanda kwa miguu, ni karibu."

"Na jiwe litapanda kwa miguu?" aliuliza Mheshimiwa.

"Tutaliweka pale pale begani."

"Kapteni," alisema Bi. Tindwa, "tangazo limekwisha kurekodiwa. Linasema kileleni. Litasomwa saa sita."

Nsiande akapanda. Ramani ya Wizara ilionyesha kwamba kwenye ile tambarare palikuwa na kiwanja cha helikopta, kimechorwa kwa duara na herufi katikati. Alipolizunguka jabali la mwisho akapaona. Mawe matano ya msingi yalisimama pale kwa mstari, yakiwa na mabamba yanayong'aa, dogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, kama familia iliyopanga foleni kupigwa picha. Waheshimiwa watano walikuwa wamechagua mahali pazuri kuliko pote, na pazuri kuliko pote palikuwa katikati. Nafasi iliyobaki kati ya mawe na korongo haikutosha.

"Pamejaa," alisema. "Tunaondoka."

Akavuta usukani wa kupandisha. Mashine ilijibu alivyojua ingejibu. Ilitetemeka, ikanguruma, ikaendelea kushuka taratibu. Hewa ilikuwa nyepesi na jiwe lilikuwa zito. Haikuwa siri, alikwisha kuwaeleza asubuhi, wakiwa wamesimama juu ya lami.

"Fundi! Niangalie kushoto!"

Mbwilo alifungua mlango akatoa kichwa. "Sogea kulia, Kapteni. Bado. Bado. Kuna jiwe chini ya mguu! Simama!"

Mguu wa kushoto wa helikopta ulikanyaga jiwe la tatu, lile la waziri ambaye sasa alikuwa balozi. Mguu wa kulia haukupata kitu cha kukanyaga. Helikopta iliinama, mapanga yakapiga ardhi yakavunjika, na mashine ikalala ubavu. Mbwilo alirushwa nje kupitia mlango alioufungua, na jiwe la Mheshimiwa Makundenge, ambalo halikufungwa kwa kamba kwa kuwa kamba zilishushwa, likamfuata. Kisha helikopta ikateleza hadi kwenye majabali ya ukingoni, ikakwama hapo na kunyamaza.

Bi. Tindwa alichubuka kiwiko. Mheshimiwa alipoteza miwani. Nsiande alizima mafuta, akazima umeme, akatoka kwa kupitia kioo kilichovunjika.

Fundi Mbwilo alikuwa amelala chali kwenye tambarare, na jiwe la msingi lilikuwa juu ya paja lake.

*

"Kapteni," alisema Mbwilo, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, "umeiua mashine yangu."

"Nyamaza, Fundi. Unausikia mguu?"

"Nausikia kuliko ninavyopenda."

Nsiande aliligusa jiwe, akajaribu kulisukuma. Halikutikisika. Akageuka. "Mheshimiwa, Bi. Tindwa, njooni. Tukilisukuma watatu litatoka."

Hawakuja. Bi. Tindwa alikuwa ameshika simu yake ya picha, na uso wake ulikuwa na mashaka ya kitaalamu.

"Tatizo," alisema polepole, "ni kwamba limeshafika."

"Nini kimefika?"

"Jiwe. Limegusa ardhi ya kituo mbele ya Mheshimiwa, na muda wa ratiba ndio huu. Kiitifaki jiwe limeshawekwa. Sheria inakataza kuondoa jiwe lililowekwa."

"Liko juu ya mtu!"

"Sheria haisemi liwe juu ya nini."

Redio ya mkononi iliyokuwa kiunoni mwa Nsiande ilikoroma. Makao Makuu ya Wizara walikuwa wakirusha taarifa ya habari kwa vituo vyote, na sauti nzito ikatangaza kwamba Mheshimiwa Kanali Mstaafu Eliuter Makundenge ametua salama kileleni mwa Sunguvi na kuweka jiwe la msingi, huku wananchi wakishangilia. Mheshimiwa alisikiliza akiwa amesimama wima. Mbwilo alisikiliza akiwa amelala.

"Wananchi ni mimi?" aliuliza.

Nsiande aliokota kipande cha panga la helikopta, kirefu kama mtaimbo, akakipenyeza chini ya jiwe. Alipoegemea liliinuka kidogo. Lakini hakuweza kuinua na kumvuta fundi kwa wakati mmoja. Alilirudisha polepole, na Mbwilo akauma mkono wa koti lake.

"Mheshimiwa, nakuomba. Shika hapa tu."

"Binti yangu, mimi kazi yangu ni kuweka," alisema Makundenge kwa huzuni ya kweli. "Nikionekana naondoa, maadui zangu watasema nimejiondoa."

Nsiande alikuwa na maneno mengi ya kujibu. Aliyapima yote akaona hakuna hata moja litakaloinua marumaru. Akalitazama jiwe tena, kwa makini, kama alivyotazama mashine kabla ya kuruka. Kitambaa cha taifa kilikuwa kimetoka. Uso uliokuwa juu ulikuwa mtupu, haukuchongwa kitu.

"Mheshimiwa," alisema, "jina lako liko chini."

"Unasemaje?"

"Limeanguka kifudifudi. Jina lako limelala juu ya suruali ya fundi. Ukipiga picha sasa itatoka marumaru tupu. Anaweza kuja mtu yeyote akasema ni lake."

Bi. Tindwa alichuchumaa akachungulia. "Ni kweli, Mheshimiwa. Na la Mkuu wa Nchi pia liko chini."

"Kugeuza si kuondoa," Nsiande aliongeza.

"Kugeuza si kuondoa," Bi. Tindwa alikubali haraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Mbwilo usoni. "Ni marekebisho."

Mheshimiwa Waziri alivua koti. Ikumbukwe kwa haki kwamba alikuwa na nguvu. Alishika mtaimbo, akaegemea kwa uzito wake wote uliokuwa umeisumbua hesabu ya asubuhi, na jiwe likainuka na kupinduka upande wa pili, majina juu. Nsiande na Bi. Tindwa walimvuta Mbwilo kwa mabega. Alipiga kelele moja tu. Paja lilikuwa limevunjika na kuvimba kama mto wa kulalia, na Nsiande, ambaye alisomea huduma ya kwanza lakini sasa hakuwa na sanduku lake, alijua kwamba damu ilikuwa ikivuja ndani. Mtu wa namna hiyo alihitaji daktari wa mifupa kabla ya jua kuzama.

Walimfunga mguu kwa vipande vya mlango na kitambaa chenye rangi za taifa. Mheshimiwa alikuwa akijipiga picha na jina lake.

*

"Makao Makuu, Makao Makuu, hapa helikopta ya Serikali, Sunguvi. Tumepata ajali. Majeruhi mmoja, hali mbaya. Tunaomba uokoaji."

Aliyekuwa zamu aliitwa Bwana Shubi, na alikuwa na sauti ya mtu anayekunywa chai. "Helikopta, hongereni kwa kutua salama. Ajali iko wapi?"

"Sunguvi, kileleni."

"Sunguvi kuna kituo chake. Nawaunganisha."

Redio ilikoroma. Kisha ile ile, mkononi mwa Nsiande, ikasema kwa sauti ya Bwana Shubi: "Kituo cha Uokoaji Sunguvi, Kituo cha Uokoaji Sunguvi, kuna ajali eneo lenu. Mnanipata?"

Nsiande aliitazama redio. "Bwana Shubi, ni mimi yule yule."

"Helikopta, tafadhali ondoka kwenye mkondo, naita kituo."

"Hakuna kituo! Kuna mawe tu!"

"Ndiyo, mawe. Vituo vipo sita, kwa kumbukumbu zangu, kuanzia saa sita leo. Katika vituo sita hamkosi kimoja cha kuwahudumia."

"Tuma helikopta nyingine, kaka, nakuomba. Mtu anakufa."

"Dada, nielewe. Nikituma helikopta kuokoa watu kwenye kituo cha uokoaji, nitaandika nini? Kwamba hakipo? Mheshimiwa si amekiweka leo?"

Mara nne alieleza, na mara nne aliunganishwa na yeye mwenyewe. Ukungu ulianza kupanda kutoka mabondeni. Mbwilo alikuwa ameacha mizaha, na alipomwita Nsiande alimwita "mwanangu", neno ambalo hakuwahi kulitumia katika miaka yote ile. Nsiande alikaa juu ya jiwe la kwanza, lile dogo kama sinia, akahisi hasira isiyokuwa na mahali pa kutua.

Bi. Tindwa akaja akakaa kando yake. Viatu vyake vya visigino alikuwa ameviacha mahali.

"Unakosea maneno," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unawapa ukweli, na ukweli hauna fungu lake kwenye bajeti. Nisikilize." Hakuichukua redio, aliinamia tu mkononi mwa Nsiande. "Kwanza, jibu wanapoita kituo."

"Kituo cha Sunguvi, mnanipata?" redio iliuliza kwa mara ya tano, bila matumaini wala wasiwasi.

Nsiande alivuta pumzi. "Kituo cha Sunguvi tunakupata."

Chai ilisikika ikimwagika. "Mpo?"

"Mwambie helikopta imekabidhiwa," alinong'ona Bi. Tindwa.

"Helikopta iliyomleta Mheshimiwa imekabidhiwa rasmi kituoni. Haitarudi."

"Makabidhiano! Hongereni sana!"

"Kwa hiyo Mheshimiwa hana usafiri," alinong'ona Bi. Tindwa.

"Kwa hiyo Mheshimiwa hana usafiri wa kurudi, na ukungu unapanda. Kituo kinaelekeza helikopta nyingine itue begani mwa mlima, si kileleni. Ije bila mzigo wowote."

"Mheshimiwa hana usafiri?" Sauti ya Bwana Shubi ilipanda juu. "Kwa nini hamkusema tangu mwanzo?"

*

Helikopta ya pili ilikuja kabla ukungu haujafika begani. Walimteremsha Mbwilo juu ya mlango wa ile ya kwanza, Nsiande mbele, na nyuma Mheshimiwa na Bi. Tindwa, na Mheshimiwa alilalamika njia nzima kwamba kazi hiyo ilikuwa ya wananchi. Rubani, Kapteni Chogo, alikuwa yule yule mwenye watoto wanne asiye na maswali. Safari hii alikuwa na moja.

"Kwa hewa hii nabeba wanne. Huyu wa kulala atachukua nafasi mbili. Nani anabaki?"

Mheshimiwa alimtazama Mbwilo kwa namna iliyoonyesha kwamba jibu lilikuwa dhahiri.

"Mimi," alisema Nsiande. Hesabu haikuwa na jibu lingine.

"Bila shaka," alisema Mheshimiwa. "Mkuu wa Kituo haondoki kituoni." Nao ukawa uteuzi, maana Bi. Tindwa alikuwa karibu na katika nchi hiyo kilichosemwa mbele ya itifaki kilikuwa kimesemwa.

"Chogo, unampeleka wapi?" Nsiande alishika mlango.

"Nimeambiwa Hospitali ya Rufaa ya Bondeni."

"Bondeni ni jiwe na mbuzi. Mpeleke kwa masista."

Hospitali ya masista ilijengwa bila jiwe la msingi, kwa hiyo kiserikali haikuwapo, ingawa ilikuwa na vitanda, damu ya akiba na daktari wa mifupa. Chogo alisita. Bi. Tindwa, bila kumtazama mtu, alisema kwamba kama hospitali haipo basi hakuna wa kusema kwamba walikwenda huko. Chogo akawasha mashine.

"Nitakufuata asubuhi, Nsiande. Nakuapia."

*

Asubuhi Chogo alikwenda kuomba kibali, akajibiwa kwamba mtumishi hatolewi kituoni siku yake ya kwanza ya kazi. Nsiande aliambiwa hivyo na Bwana Shubi, ambaye sasa alimwita "Mkuu". Njia ya miguu ilikuwa imekatwa na maporomoko. Kulikuwa na barabara kwenye ramani, lakini Nsiande alikwisha kujifunza kuzisoma ramani hizo. Aliomba hema, mablanketi, chakula na kuta. Kila ombi lilipokelewa, na mapokezi hayo yakaandikwa kuwa mafanikio.

Upepo wa Sunguvi ulitoka mashariki na haukupumzika. Usiku uliopita alikuwa amekaa ndani ya mabaki ya helikopta, na mabaki hayo yalikuwa na matundu mengi kuliko mabati. Hakutaka kuupata usiku mwingine wa namna hiyo. Akachukua kipande cha panga.

Alianza na jiwe dogo, akalivingirisha hadi kwenye jabali lililokuwa na pango fupi. La pili likafuata. La tatu lilikuwa na alama ya mguu wa helikopta, akalisukuma kwa raha ya pekee. Yaliyonona aliyapindua upande baada ya upande, akitweta, akipumzika na kurudi, mpaka mawe yote, likiwamo la Makundenge, yakawa ukuta mbele ya pango, moja juu ya jingine au limeegemea jingine, majina yakitazama ndani. Juu alilaza viti vya helikopta na mabati ya mkia. Kisha akaingia, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu afike Sunguvi hakusikia upepo.

Lilikuwa jengo baya. Lakini mtu angeweza kuingia humo asife, na hilo ndilo waliloahidiwa wale wanafunzi.

"Mkuu wa Kituo," redio iliita kesho yake, "jiandae kupokea ugeni. Baraza limebadilishwa jana. Mheshimiwa Makundenge amepanda cheo kutokana na mafanikio ya Sunguvi, na Waziri mpya anakuja kuweka jiwe. Anauliza kama pana nafasi kando ya yale mengine."

"Nafasi ipo. Pote pako wazi."

"Wazi kivipi?"

"Mawe nimeyaondoa. Nimejengea ukuta."

Upande wa pili kikombe kilisikika kikiwekwa mezani.

"Yote?" Sauti ya Bwana Shubi ilikuwa imekauka. "Dada yangu, umevibomoa vituo vyote sita?"

"Nimejenga kimoja."

"Usiguse kitu kingine! Hapo hapo ulipo, usiondoke! Tunatuma helikopta sasa hivi."

Nsiande aliishusha redio, akaitazama. Kisha akaipandisha tena mdomoni. "Bwana Shubi. Mwambie rubani atue kileleni, pale yalipokuwa mawe. Upepo unatoka mashariki. Patamtosha."

Haikuchukua muda. Ilikuwa helikopta ya polisi, mpya, ambayo Nsiande hakujua kama nchi inayo. Ililizunguka jabali, ikaelea juu ya tambarare tupu, ikashuka. Aliifuata kwa macho miguu yake miwili mpaka yote ikagusa ardhi kwa pamoja, sawasawa, bila kuinama. Tangu Sunguvi ipate kituo chake cha kwanza, hakuna helikopta iliyowahi kutua hapo namna hiyo.

Askari wawili waliruka chini. Mmoja alikuwa na pingu, mwingine alikuwa akitetemeka kwa baridi na akichungulia ndani ya ukuta kwa wivu.

"Wewe ndiye Nsiande Mghanga? Uko chini ya ulinzi kwa kubomoa vituo sita vya Serikali."

"Hamkubeba jiwe?"

"Jiwe la nini, mama? Tumekuja kukamata mtu."

"Na fundi wangu? Yule aliyechukuliwa na Chogo?"

Askari alitazama nyuma, kisha akasogea karibu. "Amepasuliwa. Mguu wameuokoa. Ila usimwambie mtu, ile hospitali haipo."

Nsiande alinyoosha mikono yote miwili. Njiani kuelekea mlangoni aliuliza wako watu wangapi, mafuta kiasi gani, na kuna mzigo mwingine wowote. Alipojibiwa alipiga hesabu kimoyomoyo, na hesabu ikakubali.

"Basi twendeni," alisema.